Land Rover, Prado au Suzuki? Kwanza lala chini ugonge chesisi

Swali: Fundi shikamoo. Mimi ni mwalimu, nakaa Kisauni. Nina laki nane ambazo nimeziweka kidogo kidogo, nataka gari ya zamani ya fowili, ile inayovuta magurudumu yote manne, niijenge pole pole na mwanangu wa kidato cha pili siku za wikendi. Nia yangu tukienda kwetu Bamba mvua imeshika nisiache gari njiani nitembee kwa miguu, na likizo niwapeleke Shimba Hills na Tsavo. Nyumbani tuko watano. Nimeonyeshwa tatu. Land Rover Series III ile ndefu ya dizeli, imekaa chini ya mwembe miaka minne, wenyewe wataka laki tatu. Suzuki SJ410 fupi, inatembea, laki mbili u nusu. Na Prado ya 1997 ya injini ya 1KZ, safi kabisa, laki saba u nusu. Kila fundi nikimuuliza ananambia yake. Nichukue gani?

Jibu: Marahaba mwalimu. Swali lako nimelisoma mara mbili na kuna kitu kimenikera, sio wewe, ni hao waliokupeleka kuona hizo gari. Umenipa injini, umenipa bei, mpaka mwembe umenitajia, lakini yaonekana hakuna hata mmoja aliyekuinamisha ukaangalia chini. Hapa Mombasa gari ya zamani haianzi kuangaliwa kwenye boneti, inaanza kuangaliwa ukiwa umelala chali.

Manake injini ikifa utaitoa, utatafuta nyingine ya eksi-Japani, vijana watatu na cheni bloku, siku mbili ishaingia. Giaboksi vivyo hivyo. Viti vitashonwa, waya zitavutwa upya, bodi itanyooshwa. Lakini chesisi, yaani ile fremu ya chuma ya chini inayobeba gari nzima, ikiwa imeoza wewe huna gari, una vitu vilivyoshikiliwa na rangi. Na kitu cha pili ambacho hakuna duka linauza ni logbuku. Hivyo viwili, chuma cha chini na karatasi, ndio gari yenyewe, vingine vyote ni spea. Sasa mtu kuuliza achukue Prado ama Suzuki kabla hajajua habari za hivyo viwili ni sawa na kuuliza ajenge ghorofa ama nyumba ya makuti na kiwanja chenyewe hajajua ni cha nani.

Pwani na chuma hawapatani, walijua mwenyewe kwa mabati ya nyumba. Kusi ikianza kuvuma mwezi wa nne ile hewa ya Kisauni, Nyali na Bamburi inakuja na chumvi yake, na unyevu juu yake, chuma hakipati siku ya kukauka sawasawa. Na gari za fowili ndio zinazoteseka zaidi sababu ndizo hutumwa kuvuta mashua kutoka majini, ndizo huteremshwa ufuoni na wageni, halafu mtu akirudi nyumbani anaosha bodi juu, chini haoni haja. Chesisi nyingi za gari hizi ni boksi, yaani ni kama bomba la pembe nne, na chini zina vitundu vya kutolea maji. Vile vitundu vikizibwa na tope basi maji yamelala humo ndani na kutu inakula kutoka ndani kuja nje. Ukiona nje imetoboka kidole kimoja, ndani ushapoteza kiganja.

Mimi lilinipata, na fundi mzima nilikuwa. Nilinunua Landkruza HJ60 kwa dalali mmoja, ile ya miaka ya themanini, injini ya 2H, dizeli silinda sita lita nne, injini ambayo ukiitia oili tu haina ugomvi na mtu. Nilidanganywa na mlio. Chini ilikuwa imepigwa rangi nyeusi nzito kama lami, nami nikasema huyu mwenyewe alikuwa mtunzaji. Miezi miwili baadaye tuko njia ya Kinango kwenda Samburu, enzi hizo ilikuwa mashimo matupu, nimebeba magunia sita ya mahindi na shemeji yangu, nikaingia shimo la kawaida tu wala sio kubwa, nikasikia kraa! halafu nyuma upande wa kushoto ikashuka kama ngamia anapopiga magoti. Nashuka naona kile kishikio cha springi kimechomoka na kipande chake cha chesisi, na kile kipande ukikikamata mkononi kinameguka tabaka tabaka kama biskuti. Nikachungulia ndani ya chesisi na tochi. Kulikuwa na mchanga wa baharini humo, mweupe, na vipande vya kombe. Tulikata gogo tukalipachika kati ya ekseli na chesisi tukafunga kwa kamba, tukaenda mwendo wa punda mpaka Samburu. Injini muda wote yanguruma vizuri kabisa, haina habari.

Kwa hivyo Jumamosi ukienda, chukua gunia la kulalia, tochi, nyundo ndogo, bisibisi ya zamani, na ile sumaku ya spika mbovu uifunge kitambaa isikwaruze rangi ya watu. Lala chini, anza nyuma uje mbele. Gonga chesisi kila shubiri moja. Chuma kizima kinajibu, kinasema ting, na nyundo inarudi mkononi. Chuma kilichooza kinasema pwa, kama wagonga embe bovu, na vumbi la kahawia lakuangukia machoni. Penye pwa weka bisibisi usukume na kiganja. Ikizama, hapo mazungumzo ya bei yanaanza upya ama yanakwisha. Usione haya. Muuzaji akikukataza kugonga gari yake jua anajua kwa nini.

Macho yakaze zaidi pale springi zinaposhikwa na chesisi, pale chesisi inapoinuka kupita juu ya ekseli ya nyuma, kile chuma cha mwisho nyuma kinachobeba bampa, na vile vibawa vinavyotoka pembeni kushika bodi. Rangi nyeusi mbichi chini ya gari ya miaka thelathini mimi huiogopa kuliko kutu yenyewe, kutu ya juu juu ile nyekundu ya kupanguza haina neno, inasuguliwa ikatoka, lakini rangi mbichi ina siri. Sumaku ni ya bodi, ipitishe chini ya milango na kwenye matao ya juu ya matairi, mahali haishiki ni fila tupu, ile dawa ya kuzibia mashimo ya bodi. Kwa ile Land Rover usijisumbue nayo, bodi yake karibu yote ni aluminiamu, sumaku haitashika sehemu nyingi, usije ukanipigia simu kwamba gari nzima ni fila.

Na kama una subira kidogo ntakwambia nilivyokuja kufanya mimi baada ya ile HJ60. Sinunui tena gari ya kujenga iliyokulia pwani. Natafuta ya bara, Nanyuki, Laikipia, Nakuru huko, hata Voi si mbaya, kukavu. Gari iliyozeekea kwenye ranchi utaikuta bushi zimekwisha, shoki zimekufa, difu, lile tumbo la gia katikati ya ekseli, inalia, viti vimetafunwa na mbwa, kwa macho ni takataka. Lakini lala chini ugonge, ting kutoka mwanzo mpaka mwisho. Hivyo vilivyokufa vyote vinauzwa dukani. Nauli ya kuiteremsha mpaka Mombasa hata kwa kubebwa juu ya lori haifiki bei ya kujenga chesisi. Tia kidole ndani ya kile kitundu cha chesisi utoe vumbi lililomo uliangalie: jekundu kavu, basi gari imeishi bara, la kijivu lenye chumvi chumvi, hiyo ni ya nyumbani.

Kuhusu karatasi. Kuna mtu atakwambia kwani si uagize Japani. Haiwezekani, gari ya mtumba inayoingia Kenya haitakiwi kuzidi miaka minane, kwa hivyo hizi za zamani ni zile zile zilizoko humu nchini zinazunguka mikononi mwa watu, na zimepitia mikono mingi. Nambari ya chesisi isome mwenyewe kwenye chuma, sio kwenye kibati tu, halafu ulinganishe na logbuku tarakimu kwa tarakimu. Kwa Series III itafute kwenye chesisi mbele upande wa kulia karibu na springi, utahitaji brashi ya waya na mafuta ya taa kuiona. Injini nayo ulinganishe, ikiwa ilibadilishwa na NTSA, wale wa usajili wa magari, hawakuambiwa huo mzigo utakuwa wako siku ya kuhamisha.

Halafu kuna jambo dogo watu hawaliangalii. Series III ziliundwa kuanzia 1971 mpaka 1985. Namba za kuanzia KAA zilikuja 1989. Ukikuta Series III ina namba ya KAC ama KAM, sio lazima iwe ya wizi, nyingi zilikuwa za serikali na namba zao za GK zikapigwa mnada zikapewa namba za kiraia, lakini mwenyewe akupe hiyo historia na karatasi yake, asikupe mabega. Gari nyingine ni logbuku ya moja iliyovaa bodi ya nyingine.

Na hiyo ya chini ya mwembe miaka minne, mwalimu, akili yangu yanituma kwamba mwenyewe alishafariki. Hivyo ndivyo inavyokuwaga, mzee anaondoka, gari inasukumwa mwembeni, watoto wanangojeana. Umeandika "wenyewe wataka", sio "mwenyewe ataka". Ulizia. Kama ndivyo basi mirathi iwe ishapita, iwe kwa Kadhi ama korti ya kawaida, na huyo anayekuuzia awe ndiye aliyepewa haki ya kuuza, kabla hujatoa hata elfu moja ya kushikilia. Nshaona gari imejengwa mwaka mzima, rangi mpya, mataa mapya, halafu akatokea ndugu kutoka Uarabuni na kusema gari ya baba haijauzwa.

Haya, tuje kwa zenyewe.

Prado naitoa mapema. Sio gari mbaya, kwa starehe hizo nyingine mbili hazitii mguu, fowili yake iko kazini muda wote na ina loki ya difu ya katikati, watoto watalala usingizi mpaka geti la Buchuma la Tsavo. Ila hiyo 1KZ, dizeli lita tatu ya turbo, bloku ni chuma na hedi ni aluminiamu, na ikichemsha mara moja tu hedi inaweza kupasuka katikati ya valvu. Wengi wa wenye nazo Mombasa wamechemsha, radieta imejaa uchafu, feni imechoka, foleni ya Kongowea jua la saa saba, unategemea nini. Ukitaka kuijua, mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Fika alfajiri, shika injini kama baridi kweli, fungua kifuniko cha radieta, washa, uangalie maji. Mapovu yakija mfululizo hayaishi, ama mpira wa juu wa radieta ukawa mgumu kama jiwe dakika mbili za kwanza na maji hata hayajapata moto, hiyo ni kompresheni ya injini imeingia kwenye maji. Aga kwa heshima. Na boljointi za chini za mbele kwenye hizo Prado zikichoka zinachomoka, gurudumu linalala pembeni, kwa hivyo hizo hata ukinunua gari ya malaika unabadilisha siku ya kwanza na usitie za bei rahisi.

Lakini kilichoniudhi ni hesabu. Laki nane toa laki saba u nusu imebaki elfu hamsini. Hiyo sio gari ya kujenga, hiyo ni gari ya kuombewa dua isiharibike.

Suzuki naipenda, wallahi. SJ410 ni kigari cha lita moja hata haijafika, kabureta, springi za vyuma vya kupangwa kama za lori mbele na nyuma, ekseli nzima mbele na nyuma, hakuna kompyuta, uzito hata tani haifiki, mchangani inapita pale Landkruza inachimba kaburi. Ungekuwa kijana peke yako ningekwambia funga mkataba leo. Watano hamuingii. Ama mtaingia, lakini mtatoka Kisauni mnapendana na kufika Bamba hamsemezani. Na ile milima ya kupandia Mazeras ukiwa umejaza utakuwa gia ya pili na lori nyuma yako linakupigia honi.

Sasa twende chini ya mwembe.

Series III ndefu, ile ya inchi 109, nyingi tulizonazo ziliunganishwa hapa hapa Kenya, Thika kwenye kiwanda cha Leyland, na ndiyo sababu mpaka leo kila mji una mzee mmoja anayeijua kwa kupapasa. Dizeli yake ni lita 2.25, farasi sitini na mbili zikiwa mpya, na sasa wengine wamekufa. Haikimbii. Barabara ya Nairobi itakupita kila kitu chenye magurudumu, themanini kwa saa ni kelele, stelingi nzito hakuna pawa, joto la injini lakuja miguuni. Ukiwa unataka kwenda Nairobi kila mwezi usiiguse. Lakini wewe umeniambia Bamba na Shimba Hills, na kwa tope la Bamba ile tairi yake nyembamba ya 7.50 kwa 16 inakata tope mpaka ipate ardhi ngumu chini, wenye matairi mapana wako juu wanateleza. Tairi hizo pia zinapatikana kila mahali sababu malori madogo yanazitumia. Ndani imekaa watu na mizigo na mbuzi mmoja. Na kwa mwanao ni shule, kila kitu kinaonekana, spana za kawaida zinatosha, hakuna taa ya injini ya kukutisha.

Kwenye hiyo gari, baada ya chesisi, angalia ule ukuta wa chuma kati ya injini na miguu ya dereva. Bodi ni aluminiamu lakini huo ukuta ni chuma, na chini ya kioo cha mbele kuna vile vidirisha viwili vya hewa vya kufungua kwa mkono. Miaka minne ya majani ya mwembe, nakuhakikishia yamejaa humo, yameoza, yanashika maji kama sponji na maji yanateremka pembeni mpaka pale unapoweka mguu. Inua mkeka, kanyaga. Na pale aluminiamu inapokutana na chuma, kwenye ribiti na boliti, utaona unga mweupe kama chokaa, ni kwamba vyuma hivyo viwili vikigusana na chumvi ikawa katikati aluminiamu ndiyo inayoliwa. Unga kidogo sawa, ukiwa paneli inatoboka kwa kidole basi shusha bei.

Nyuma ya magurudumu ya mbele kuna mpira wa chuma ambao kishikio cha gurudumu kinazunguka juu yake ukikata kona, unatakiwa uwe laini unang'aa. Ukiwa na mashimo mashimo ya kutu utakula sili kila mwezi na oili itamwagika. Huyo mpira sio bei ya kukimbia lakini uhesabu. Difu ya nyuma kwa hizo ndefu ni ile Salisbury, tumbo kubwa la mviringo, hiyo ni ngumu, sina wasiwasi nayo. Stelingi ina kitu kinaitwa rilei kimezama ndani ya kipande cha chesisi cha mbele, kikishakamatwa na kutu kukitoa ni vita ya siku nzima na gesi na matusi, kwa hivyo zungusha usukani gari ikiwa imeinuliwa uone kama unaenda kwa ulaini.

Injini isiguswe stata. Hili uwashike mkono kabisa manake wenyewe watataka kukufurahisha, wataleta betri waunge waichape. Injini iliyolala miaka minne ringi zinaweza kuwa zimeshikana na silinda. Toa nozeli, mimina oili changanya na dizeli kidogo kila tundu, iache usiku mzima, asubuhi ndio uizungushe kwa mkono na handeli pale mbele, pole pole. Ikizunguka raundi mbili nzima bila kugonga chuma, dizeli ya zamani itolewe tanki lote, filta mpya, ndio uwashe. Ikishawaka na kupata moto fungua kifuniko cha kutilia oili ukigeuze juu chini ukiweke pale pale kwenye tundu lake. Kikitetemeka kidogo ni uzee tu, kikirushwa na moshi ukatoka puf puf puf kama treni, ringi zimekwisha. Moshi wa samawati wa oili, mweupe usiokwisha ni maji ama dizeli isiyoungua, mweusi ukikanyaga sana ni pampu na nozeli, hizo zinapelekwa kwa fundi wa pampu zinarudi.

Vigia vidogo navyo ujaribu. Kile chenye kichwa cha njano ukikibonyeza chini unaingiza ekseli ya mbele, kile chekundu ndicho cha gia za nguvu, zile za mwendo wa pole pole, hicho gari iwe imesimama. Ingiza, tembea mchangani kidogo, mtu awe chini anaangalia kama propela ya mbele, ile fimbo ya chuma inayopeleka nguvu kwenye ekseli, inazunguka na magurudumu yanavuta. Kuna gari nyingi mjini zina kijiti tu, ndani hakuna kitu.

Uamuzi wangu basi, kwa hiyo bei: ikisema ting kwenye zile nguzo mbili kubwa za chesisi, mirathi iko sawa, na injini inazunguka kwa mkono, chukua Land Rover, na anzia laki mbili sio tatu, gari isiyowaka haina bei ya inayowaka. Vile vibawa vya pembeni vikiwa vimeoza sio neno, vinatengenezwa na kuchomelewa. Nguzo kubwa ikiwa imeoza mahali zaidi ya pamoja, iache. Uingereza bado watu wanatengeneza chesisi mpya za Series zilizotiwa zinki, lakini mpaka ifike bandarini na ushuru wake laki nane yako yote imelala hapo na gari bado ni mifupa.

Ikikataa, usilazimishe mapenzi. Kuna moja hukuonyeshwa na watu watanicheka: Escudo ya zamani, ile milango mitano, iliyotoka kabla ya 2005. Chini ina chesisi yake kamili, ina gia za nguvu, petroli ya 1.6 kila fundi anaijua, spea zimejaa, na watano mnaingia. Haina sifa mjini, hakuna mtu atakuomba kupiga picha nayo, lakini kwa mwalimu mwenye laki nane na nyumba ya watu watano ni akili. Za baada ya hapo chesisi imeunganishwa na bodi, kwa kujenga hazina raha. Landkruza za pikapu za 1HZ unazoziona na polisi na mahospitali, ambazo zinaunganishwa hapa hapa Mombasa, hizo ni ndoto nzuri ila hata kuukuu bei zake zimeshikwa na watu wenye pesa. Patrol ya Y60 ya injini ya TD42 ukiipata ya bara nipigie mimi kwanza kabla hujafikiri.

Pesa igawe. Kununua isizidi laki nne, ile nyingine ni ya kujenga, na laki moja katika hiyo usiijue kabisa, jifanye haipo, utaihitaji mwezi wa tatu. Na mpango wa kazi: kwanza isimame, yaani breki. Hiyo Series ni dramu pembe zote nne, silinda za magurudumu zote mpya usirudishe hata moja, bomba za breki za chuma zitoe uweke za kopa manake chumvi haiziwezi. Pili ipoe, radieta itolewe ioshwe, mipira yote mipya. Tatu ielekee, stelingi na kingpini. Hapo ndio matairi. Kuinua gari, winchi, mataa ya juu, hayo mwanao atayataka kabla ya breki, umkatalie.

Chuma kikishasafishwa kwa brashi ya waya kipate red oksaidi, ile rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, siku hiyo hiyo, sio kesho, usiku mmoja tu wa Kisauni kutu isharudi. Viraka vya chesisi viwe vya bamba la milimita mbili kwenda tatu, fundi wa kuchomelea akija na bati la pipa mfukuze, na betri itolewe kabla hajawasha mashine. Vile vitundu vya maji visizibwe, vizibuliwe. Wazee hupaka oili chafu chini, kwa chuma yasaidia kweli, ila isiguse bushi na mipira, yaila. Na mtu asiingie chini ya gari iliyoshikwa na jeki peke yake, hata dakika moja ya kuokota spana, weka magogo ama stendi, huyo kijana ni wa kidato cha pili.

Ukishatoka kwa mwembe nitumie picha. Za mbele sitaki, nataka za chini, karibu na springi za nyuma, na moja ya nambari ya chesisi ukishaisugua. Kama ni ting, Jumapili baada ya adhuhuri naja mwenyewe na betri na handeli.